Niazime Pua, Jirani

Tarehe 6 Februari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi sijambo, magoti tu, nayo umeshayazoea. Mume wako hajambo? Mjukuu wangu anakula?

Jana tulilitoa lile tangi la petroli ambalo marehemu baba yako alilifukia pale kituoni kabla hujazaliwa. Winchi ililinyanyua, na chini tukaona tundu la kupitisha kidole. Kutu imekula. Mkaguzi wa mazingira akaziba pua. Mimi sikusikia harufu yoyote. Kuuza mafuta maisha yangu yote kumeniua pua, hata uninusishe debe zima.

Unamkumbuka jirani yetu, fundi cherehani? Kila mara alilalamika kisima chake kinanuka, nami nikimwambia ana kelele. Kumbe alisema kweli. Kisima kimefungwa, sasa ananunua maji. Nimempelekea ndoo za maji ya bomba langu.

Mama yako

Tarehe 19 Juni

Mama, shikamoo.

Huku hatujambo. Mtoto anaota meno, kwa hiyo nyumba nzima hailali. Na wewe, magoti yanasemaje?

Mjomba amenieleza kila kitu. Udongo mchafu umebebwa wote, kisima kimevutwa maji na kusafishwa, maabara imepima na kurudia, na majibu ni mazuri. Mkaguzi yuko tayari kufunga jalada la eneo. Ila wewe umekataa shimo lifukiwe, na yule mwoka mikate anayetaka kununua kiwanja chako amechoka kungoja.

Mama, kiwanja ungeweza kukiuza na tangi likiwa chini, na hakuna ambaye angejua. Wewe ndiye uliyemwita mkaguzi. Kazini nimewasimulia watu habari zako mpaka wananikimbia. Najivunia kuwa mtoto wako. Lakini sasa inatosha. Uza, uje ukae nasi. Chumba chako kipo.

Binti yako

Tarehe 2 Julai

Mwanangu,

Nafurahi mko salama. Meno yatatoka tu, hata wewe ulitupigia kelele. Magoti ni yale yale.

Usinisifu, sijamaliza. Fundi bado ananunua maji. Nilimpelekea majibu ya maabara, akasoma yote, akanirudishia: "Mimi sinywi karatasi." Sikukasirika. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Nikiondoka sasa nitamwacha mtu anaogopa kisima chake mwenyewe, kwa sababu yangu. Usingizi kwako nitaupata wapi? Basi nimemwambia, "Jirani, niazime pua yako. Yangu imekufa. Njoo unuse shimo kabla halijafukiwa." Alinitazama kama nimeomba cherehani. Hajasema atakuja, hajasema haji.

Mama yako

Tarehe 21 Julai

Mwanangu,

Salamu kwenu nyote. Nisamehe kukaa kimya, nilikuwa sina la kukuambia.

Jana fundi alikuja, futi ya kupimia nguo bado shingoni. Akashuka shimoni kwa ngazi, akaokota udongo huku na huku, ananusa kama anachagua kitambaa. Mkaguzi alisimama juu, mpole, hakumharakisha. Kisha tukaenda wote kisimani, wakafungua. Kikombe cha kwanza nilikidaka mimi. Kama kuna ubaya unianze mimi. Fundi akaninyang'anya.

"Huna pua wewe. Utajuaje?"

Akanusa, akanywa. Halafu akateka tena, akanijazia kikombe kile kile, akaniletea kiti. Nikanywa maji yake na machozi yakanitoka mbele ya mkaguzi, sioni haya kukuambia.

Shimo linafukiwa leo. Mwoka mikate alikuwa bado anangoja, tumeelewana. Kitandike kitanda, ila usinitarajie wiki hii. Fundi amenipima gauni la safari. Anasema haya niliyo nayo yote yananuka petroli.

Mimi sisikii kitu. Namwamini.

Mama yako