Kwa Tadeo, mwalimu wa vichwa vya mawe

Kaka Tadeo,

Nimekasirika. Naanza hapo, kwa sababu nikianza na salamu nitakuwa nadanganya. Huu ni mwezi wa nne tangu katekista wa kwenu aniletee habari kwamba umekufa, na watu wote hapa wananiambia nitulie, nikuombee, nifunge mdomo. Kukuombea nimekuombea. Mdomo ndio nimeshindwa kuufunga.

Katekista alinieleza yote. Homa ilikushika siku tatu katika ile shule ya msituni walikokutupa, paa la majani likivuja juu ya kitanda chako. Wazazi wa watoto walikufunga kwenye machela ya miti wakakubeba kuelekea Mubi, wakitumaini kupata gari barabarani. Hamkufika. Umekufa na miaka ishirini na saba, mikononi mwa watu waliokujua majuma sita tu. Na hapa kwetu, ambapo ulifundisha karibu mwaka mzima, Padiri anayeongoza shule alisimama mbele ya mistari asubuhi akasema, "Tumuombee mwalimu wetu wa zamani." Hata jina lako hakulitaja. Kisha watoto wakaingia klasini kuimba kitabu.

Kuimba, Tadeo. Wewe ndiye uliyelitumia neno hilo kwanza.

Unakumbuka ulivyofika? Kijana wa Walikale, umetembea siku nyingi, hujawahi kuona baridi ya milima hii ya Masisi. Tulipewa nyumba moja ya walimu, wewe na mimi. Ulikuwa unalala na koti, na asubuhi unakunja mikono kwapani ukiniuliza kama sisi Wahunde tulichagua kukaa huku ao tulifukuzwa mahali. Nilicheka. Viazi vyetu ulivila ukilalamika, ukitamani mafuta ya mawese na uyoga wa kwenu. Sikuwa na ndugu wa kiume. Nilidhani nimepata mmoja.

Mimi nilikuwa na klasi ya pili, na nilikuwa najivuna nayo. Wageni wakija, Padiri anawaleta kwangu, watoto wanasimama, wanasoma ukurasa mzima kwa sauti moja bila kukwama. Wewe walikupa klasi ya kwanza, na nyuma kabisa ya klasi hiyo walikupa benchi mbili za wale walioshindwa. Watoto tisa, wamerudia mwaka mara mbili, mara tatu. Sisi walimu tuliwaita vichwa vya mawe. Mimi pia niliwaita hivyo, usinisafishe.

Veronika alikuwa mmoja wao. Msichana wa miaka kumi na moja, mama yake mjane analima mlimani upande wa Mushaki. Ule mwezi wa kwanza ulimwita asome, akasoma vizuri: "Baba ana jembe. Mama ana kikapu." Ukakichukua kitabu polepole, ukakigeuza chini juu, ukamrudishia. Akaendelea kusoma vilevile, kidole kikitembea chini ya maneno yaliyosimama kichwa chini. Watoto walikufa kwa kicheko. Mimi nilikuwa mlangoni, nikacheka nao. Wewe hukucheka. Jioni, tukimenya viazi, uliniambia, "Laurenti, huyu mutoto hasomi. Iko anaimba. Miaka tatu anaimba, na hakuna muntu alimusikia."

Nilikujibu kwamba huyo ni wa benchi la nyuma. Ukaniomba uje klasini kwangu kesho yake. Uliandika ubaoni maneno matano ambayo hayamo kitabuni, maneno madogo tu: kima, tama, boga, dogo, meno. Watoto wangu, wale wa kuonyeshwa wageni, walikodoa macho. Wanne walisoma. Wengine walianza kubahatisha kwa kuniangalia usoni, kama nitawapa jibu kwa nyusi.

Nilikukasirikia majuma mawili. Hukujua, ao ulijua ukaniacha.

Ukaanza na sauti. Si majina ya herufi, sauti zake. Herufi tano kwanza, hakuna zaidi, na watoto wanaziunganisha wenyewe mpaka zinatoa neno. Uliziandika kwa makaa kwenye vipande vya mbao. Kila Ijumaa ulimwita mtoto mmoja mmoja nje, ukamsikiliza peke yake, na ukaandika katika kaye yako, lile daftari lako, pale anapojikwaa. Ninayo kaye hiyo hapa mezani. "Veronika anachanganya b na d." "Simoni anaruka sauti ya mwisho." "Agata anajua, lakini anaogopa." Jumatatu ulianzia hapohapo walipojikwaa. Miaka yote niliyofundisha sikuwahi kujua mtoto wangu anajikwaa wapi. Nilijua tu kwamba ameanguka, na kwamba fimbo ninayo.

Nilikubishia. Nilisema labda wanaendelea kwa sababu unawapenda, ao kwa sababu wamekua. Hukuudhika. Ukasema, "Basi tupime." Ukawagawa wale tisa na wengine saba dhaifu wa klasi yako: nusu uliwafundisha kwa sauti, nusu kwa kitabu na kuimba, muda uleule, wewe mwenyewe, na upande wa kitabu pia ulifundisha kwa moyo wote, nilikuona. Majuma nane. Siku ya mwisho ukaniambia, "Maneno uchague weye. Na mimi sitakuambia nani alifundishwa namna gani. Usikilize tu, uandike." Ukaenda kukaa kanisani ili uso wako usiwasaidie.

Nikawasikiliza kumi na sita wote, mmoja baada ya mwingine. Veronika alisoma "kidonda" bila kukata pumzi, kisha akaniangalia kama mtu aliyeibiwa kitu zamani na leo amekiona. Nilipokuletea karatasi yangu tukailinganisha na kaye yako. Sitaandika hesabu. Uliiona. Hakukuwa na kubishana. Na jambo la kwanza ulilolifanya, kabla hata ya kufurahi, ulisema kwamba kuanzia kesho wale wengine nao wafundishwe sauti, kwa sababu umewachelewesha majuma nane na ni deni la dhambi. Wakaanza. Kabla ya Krismasi wengi wao nao walikuwa wanasoma.

Sasa nafika pale nisipotaka kufika.

Ulibeba kaye ukaenda nayo kwenye mkutano wa walimu. Ulivaa shati jeupe. Ulieleza vizuri, kwa heshima, ukisema "tukikubali" na "kama Padiri anaona vema". Padiri alikusikiliza nusu. Akauliza ulijifunza wapi mambo hayo. Ukajibu, "Kwa watoto, Padiri." Walimu wawili wakacheka, na hapo ndipo alipowaka. Alisema kitabu kiliandikwa na watu waliosoma kabla baba yako hajazaliwa. Alisema, "Mwalimu anafundisha kitabu. Hakipimi." Kisha akageuka.

"Na wewe, Laurenti? Inasemekana ulikuwepo. Uliona nini?"

Nilikuona unaniangalia. Hukuwa na wasiwasi hata kidogo, Tadeo, hilo ndilo linaloniua. Ulikuwa unatabasamu, unangoja.

Nikasema, "Sikuangalia vizuri, Padiri."

Maneno matatu. Nilikuwa nafikiria klasi yangu, nyumba yangu, harusi yangu mwezi wa saba. Baada ya siku kumi ulipewa barua ya kwenda shule ya msituni. Watoto waliorudia mara tatu waliandikwa kwenye orodha ya kufukuzwa, Veronika wa kwanza, yeye ambaye sasa alikuwa anasoma. Hakuna aliyemsikiliza asome. Orodha ilikuwa imeshaandikwa.

Na wewe pia nakukasirikia! Kwa nini hukunitukana? Ulifunga mzigo wako, ukanipa kaye, ukasema, "Uitunze, itakusaidia." Kwa nini ulisema "Ndiyo, Padiri" ukaondoka? Ungepiga kelele hata mara moja, labda ningeamka.

Nimeamka umeshazikwa. Sikia basi yaliyotokea.

Juma lililopita inspekta wa shule alikuja kutoka mji wa Costermansville. Padiri hakumpeleka kwangu. Alimpeleka klasi ya kwanza, akawasimamisha Simoni na Agata na watoto wengine wanne wa kwako, waliosalia, wakasoma kila kitu walichopewa. Hata karatasi ya inspekta mwenyewe wakaisoma. Mzungu yule alifurahi. Akauliza ni nani aliwafundisha. Padiri akasema, "Ni kitabu chetu, na nidhamu."

Nilikuwa mlangoni nasikiliza, nikaingia ndani. Nilisema, "Hapana. Ni Tadeo. Hakuwafundisha kwa kitabu hicho, na alifukuzwa kwa sababu hiyo, na amekufa." Nikamwomba inspekta awape karatasi yake ileile watoto wangu wa klasi ya pili. Akawapa. Tadeo, waliikodolea macho. Mmoja akaanza kuimba, "Baba ana jembe." Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na sikumzuia. Nilitaka isikike.

Inspekta aliniomba kaye. Nikamwonyesha, lakini sikuiachilia mkononi. Aliisoma kurasa nyingi akiwa amesimama. Aliandika kitu katika karatasi zake, hakusema ni nini, akapanda gari. Labda kitatoka kitu. Labda hakuna. Mimi sijui tena kutumaini watu wa magari.

Padiri aliniita mchana uleule. Amenivua klasi ya pili. "Unawapenda sana vichwa vya mawe," alisema, "basi uwachukue." Kuanzia Jumatatu nina klasi ya kwanza yote pamoja na mabenchi ya nyuma. Alidhani ananiadhibu.

Nilienda mlimani kwa mama yake Veronika, kumwomba amrudishe mtoto shuleni. Alikuwa anapalilia, hakunyanyua mgongo. Akasema, "Mulisema kichwa yake iko jiwe. Sasa munatafuta jiwe ya nini?" Nikamwambia ukweli wote, na kwamba mimi ndiye niliyenyamaza. Aliniacha nimesimama juani muda mrefu. Veronika mwenyewe ndiye aliyetoka nyumbani, akasema atakuja, lakini hatakaa nyuma. Nikasema atakaa atakapo.

Limebaki moja. Katekista aliniambia mama yako bado anauliza kila mtu anayepita kutoka Masisi: "Mwana wangu aliiba nini, hata wakamufukuza?" Barua ya kukuhamisha ilitaja utovu wa utii, na yeye hasomi, kwa hiyo watu wamemtafsiria wapendavyo. Nilipoisikia habari hiyo nilitoka nje, nikampiga teke mbuzi wa jirani. Yule mama anadhani amezaa mwizi.

Lala, kaka yangu. Shule zikifungwa nitatembea mpaka kwenu, na mke wangu amekubali. Sitamtuma katekista, sitaandika barua ambayo mwingine atamsomea. Nitaketi mbele ya mama yako, nitamwambia kwamba hukuiba kitu, na nitamwambia jina la mtu aliyeulizwa akasema hakuangalia vizuri. Akinifukuza, nitakaa nje ya boma lake mpaka aulize tena, na nitamjibu tena.

Ndugu yako,
Laurenti