Listi ya Keziah iko kwa dashibodi

Roselyne, uko? Nimejifungia chooni, siamini.

Unamkumbuka Jackton, dereva wa hii nyumba nafanya kazi hapa Shumaisi? Miaka miwili namwandikia listi ya shopping.

Juzi madam akaambia Keziah, yule msichana mgeni wa kazi, aandike yeye. Kila kitu na mstari wake, na namba. Jackton ameibandika kwa dashibodi! Kwa dashibodi, Rose! Ati, "Hii inasomeka. Yako huwa kama barua."

Kumbe zangu zote alikuwa anatupa.

Basi leo nikaomba niandike mimi, nikaiga. Moja, mchele. Mbili, vitunguu. Ya mwisho nikaandika, "Soda mbili baridi." Nikajua ataelewa, moja yake, moja yangu.

Amezileta. Moja amempa Keziah, ingine anakunywa yeye.

Ati, "Emmah, leo umeandika vizuri."