Jiko Kubwa na Tundu la Ukutani

Sheffield, 9 Oktoba

Mwanangu Bryony,

Nakusalimu. Hapa sijambo, magoti yananisumbua yale yale ya siku zote nami nayapuuza vile vile. Natumaini huko Inverness baridi haijaanza kukutafuna, na wanafunzi wako wanakuheshimu japo kidogo.

Habari yenyewe si nzuri. Halmashauri imeniandikia. Eti mtaa wetu wote ni eneo lisiloruhusu moshi, nami ninachoma kuni kwenye meko ya wazi chini ya dohani, na kuna "mkazi" amelalamika. Mkazi gani, kama si Maureen Tingle wa upande wa pili wa ukuta? Jana nilipotoa pipa la taka alinitazama kama mtu aliyetoka karamuni.

Kwa hiyo moto wa mama yako umekwisha. Nikitaka kuendelea na kuni lazima ninunue jiko la chuma lililoidhinishwa, lenye mlango wa kioo, linalochoma moshi wake lenyewe kabla haujapanda. Nimekwenda dukani, nimeyaona mawili ya kunifaa. Moja ni dogo, la kilowati tano. La pili ni kubwa, la nane. Lile dogo, kusema kweli, ni la kukaushia soksi. Muuzaji aliongea sana, nami nikawa naitikia kwa kichwa tu, maana masikio yangu niliyaacha kwenye nyundo za kiwandani, na hizi mashine za kusikilizia zinanipigia miluzi.

Simu ndiyo hivyo tena, haina faida kwangu. Niandikie unionyeshe njia, ingawa najua utasema unaogopa.

Baba yako


Inverness, 14 Oktoba

Baba mpendwa,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, koti bado mwilini. Mimi mzima. Wasiwasi wangu wote uko kwako, na sisemi hivyo kwa ajili ya salamu.

Ndiyo, ninaogopa. Tafadhali chukua dogo. Sebule yako mtu akinyoosha miguu anagusa televisheni, tano zinatosha na kubaki. Nimeuliza watu wanaojua. Hilo kubwa ni lazima ukuta utobolewe tundu la hewa, na tundu likizibwa moto unakosa pumzi, unaanza kutoa ile gesi isiyo na rangi wala harufu. Mwaka juzi mwalimu mwenzangu, Catriona, alikwenda kumwamkia kaka yake akamkuta yeye na mkewe wamekaa kwenye kochi, vikombe viwili vya chai mbele yao, wamekufa, wamepoa. Mtu wa kwanza aliyempigia simu ni mimi. Tangu siku ile siwezi kuona vikombe viwili mezani bila kukiondoa kimoja.

Watakuwekea king'ora, najua. Lakini king'ora kimlilie nani, Baba? Ukishavua mashine zako, hata treni ikipita sebuleni hutaisikia.

Usinicheke. Chukua dogo.

Mwanao,
Bryony


Sheffield, 6 Novemba

Mwanangu mwenye hofu,

Nakusalimu, nami ni mzima. Nimenunua kubwa. Usiitupe barua, isome hadi mwisho.

Mama yako alipokuwa mgonjwa alisema baridi imemwingia kwenye mifupa. Nilitia kuni asubuhi hadi jioni, na mikono yake ikabaki ya baridi vile vile. Sitaki tena kukaa kwenye chumba kile nikitetemeka. Hiyo ndiyo sababu, na sitaki tuijadili.

Fundi amekuja, bonge la mtu mwenye ndevu. Ametoboa tundu chini ya dirisha, kubwa kama bakuli la uji, akaliwekea wavu, kisha akaniandikia nyuma ya risiti kwa herufi kubwa: USIZIBE. Sasa upepo wote wa Yorkshire unapitia hapo kunisalimia vifundo vya miguu. King'ora nacho kimefungwa. Alipokibonyeza kukijaribu nilimwona anakunja uso, mimi sikusikia kitu. Mara nikaona sahani ya mama yako inatikisika ukutani, kumbe Maureen anagonga upande wake kwa hasira. Kwa hiyo kinafanya kazi.

Jana ilikuwa tarehe tano, ule usiku wa mioto wa kila mwaka. Mji mzima umewasha mioto bustanini, moshi mpaka mnara wa kanisa hauonekani, na halmashauri kimya. Maureen mwenyewe alikuwa kando ya moto wa watu anakula keki ya tangawizi. Nikatoka nje nikatazama dohani yangu. Hata uzi wa moshi hakuna. Ni jiko zuri, mwanangu. Tulia.

Baba yako


Inverness, 20 Novemba

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu na kifurushi hiki. Skafu nimeifuma mwenyewe kwa sufu ya huku, nyuzi mbili mbili, nikaibana sana ili upepo usipenye. Vaa.

Siwezi kutulia. Simu ikilia nikiwa darasani natupa chaki naikimbilia. Nakuomba mambo mawili tu. Mpe Bi. Tingle ufunguo wako mmoja, najua hamuivi chungu kimoja, lakini yeye ana masikio. Na ununue kile kifaa cha wasiosikia kinachotikisa mto na kiti king'ora kikilia. Vipo, nimeviona.

Niandikie kila wiki, hata mistari miwili.

Mwanao,
Bryony


Sheffield, 4 Desemba

Mwanangu Bryony,

Salamu, na samahani kwa kukawia. Siku hizi nakaa nikitaka kuandika, nashtukia nimelala na kalamu mkononi.

Ufunguo kwa Maureen? Ataingia kuzihesabu kuni zangu. Na kiti cha kutikisa ni cha watoto wachanga. Hayo tuyaache.

Lakini skafu, asante sana. Shingoni inawasha, nimeipatia kazi nyingine. Nimeikunja nikaisokomeza kwenye lile tundu la fundi. Usianze kelele, sufu inapumua, kila mtu anajua, si sawa na kuziba kwa plastiki. Upepo umekoma kabisa. Vifundo vyangu vinakushukuru, na chumba kimekuwa na joto kama tumbo la paka.

Kitu kimoja tu. Tangu wiki iliyopita kichwa kinaniuma, na mwili hauna nguvu. Ajabu yake, nikienda kwenye kishamba changu kule kwenye viazi kichwa kinapoa chenyewe. Nikirudi nikakaa sebuleni kinaanza upya. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Nadhani ni mama yako. Nadhani ni kile kiti chake kitupu mbele yangu. Sikutaka kukuambia, lakini huu ni msimu wangu wa pili wa baridi bila yeye, na ninamkosa vibaya.

Nalala sasa. Nitaendelea siku nyingine.

Baba yako


Ndani ya treni, 8 Desemba

Baba,

Sina salamu. Barua yako imenifikia leo mchana.

Toa skafu. Itoe sasa hivi, fungua madirisha, toka nje. Naandika huku nikijua huwezi kuyasoma haya kabla sijafika, lakini sina mtu mwingine wa kumwambia.

Si Mama, Baba. Si kiti chake. Ni hewa. Kichwa kinaacha kuuma ukitoka kwa sababu unapumua, kinauma ukirudi kwa sababu unanyimwa pumzi, na wewe umekaa hapo unadhani ni majonzi.

Nimempigia Bi. Tingle tena na tena, hapokei. Nimewapigia polisi. Wameahidi kutuma mtu, wakaniuliza kama una kawaida ya kuchelewa kufungua mlango. Nikawaambia hasikii mlango, vunjeni. Yule binti aliyepokea simu akasema, "Tulia mama, tutaangalia," kama vile nimepoteza pochi.

Treni imesimama Perth kwa ajili ya theluji. Hawasemi tutaondoka saa ngapi. Abiria aliye mbele yangu ana vikombe viwili mezani, kimoja ni cha mumewe aliyekwenda chooni, nami nimegeuza uso dirishani kama mtoto.

Nilifuma kwa kubana. Nilikuwa nasema moyoni, hapa upepo haupiti.

Ulinishukuru. Siku nne zimepita tangu uniandikie kunishukuru.

Baba, uwe umelala tu. Nitakugombeza ukiamka, lakini uamke.

Simu inaita. Ni namba ya Sheffield nisiyoijua


Sheffield, 15 Januari

Mwanangu Bryony,

Nakusalimu, na safari hii nikisema sijambo naliheshimu neno lenyewe. Daktari ananiambia damu imesafika. Nyumba ni kimya tangu uliporudi Inverness, ingawa kwangu mimi ni kimya tangu enzi za kiwanda.

Uliniuliza pale kitandani hospitalini ni kitu gani kilimfanya Maureen aingie, naye akawa anatazama dari. Nimemfungua mdomo juzi kwa chai na biskuti. Kumbe king'ora kilikuwa kinalia na kunyamaza wiki nzima. Yeye akaamini nafanya makusudi, nalipiza kisasi cha ile barua ya halmashauri. Siku ile kikalia bila kukoma, akakivumilia mpaka kipindi chake cha televisheni kikaisha, ndipo akapita mlango wangu wa nyuma nisioufunga kamwe. Hakuja kuniokoa. Alikuja kunitukana.

Anasema alishaanza: "Wewe mzee Oldroyd, zima hilo dude kabla sijalipasulia kwenye kipara chako." Akanitukana mara tatu kabla hajaona kwamba nimekaa mdomo wazi. Alinikamata kwa mikanda ya suruali akaniburuta hadi uani, yeye na mapafu yake mabovu. Ulipokuwa unampigia simu alikuwa ameketi hospitalini na ndala za nyumbani miguuni.

"Nilidhani unanichokoza, Wilf," akaniambia, midomo taratibu ili niisome. "Wiki nzima nimekusikia ukifa, nikawa naongeza sauti ya televisheni." Kisha akalia jikoni kwangu, ameshika taulo la vyombo. Sikujua la kufanya, nikamwongezea chai.

Jiko kubwa limerudi dukani. Dogo limewekwa. Linatosha, na usiseme neno. Kiti cha kutikisa nimekiagiza pia ili unipumzishe. Halafu tumepanga kitu, mimi na Maureen. Kila jioni kabla ya kwenda kulala nagonga ukuta kwa chuma cha kuchochea moto, naye anajibu kwa bakora yake. Mimi sisikii, lakini nikiweka kiganja ukutani hapo chini ya saa naihisi bakora ikigonga. Unaona mwanangu, yote yamekwisha salama. Hofu yako sasa iweke kabatini na nguo za kiangazi.

Baba yako


Inverness, 22 Januari

Baba mpendwa,

Nashukuru u mzima. Mimi nalala kidogo, nakula kidogo, naendelea na kazi.

Umeniandikia kama mtu anayesimulia kichekesho. Sikucheka. Barua ikianguka mlangoni sasa nakaa sakafuni kabla ya kuifungua, kwa sababu ile nyingine niliifungua nikiwa nimetulia, na ilikuwa imeandikwa na mtu anayekufa polepole huku akinishukuru. Siwezi kuiweka hofu hiyo kabatini. Wewe ulilala tu, Baba. Hujui kukaa upande wa pili kulivyo.

Endelea kugonga ukuta.

Mwanao,
Bryony


Sheffield, 3 Februari

Mwanangu Bryony,

Nakusalimu. Mimi mzima, na Maureen mzima, hilo nalitanguliza usije ukaanguka mlangoni.

Jana Maureen hakujibu.

Niligonga kama kawaida, nikaweka kiganja chini ya saa. Kimya. Nikagonga tena. Nikadhani mkono umekufa ganzi, nikabadilisha mkono. Nikaweka na sikio ukutani kama mpumbavu, sikio la kazi gani. Hapo kitu cha baridi kikaniingia kifuani, nami nimesimama karibu na moto.

Nikapita uani kwenye theluji, na ndala. Yeye hufunga mlango. Nikaupiga kwa ngumi, nisijue kama kuna mtu anajibu au hakuna, maana mlango uliojibiwa na usiojibiwa kwangu ni mmoja. Nikazunguka dirishani. Nikamwona kitini, kichwa kimelala upande, kikombe mezani mbele yake.

Sijui niliita nini. Nilikipiga kile kioo mpaka kikapata ufa, na nilikuwa najisemea maneno yale yale uliyoandika ndani ya treni. Barua ile ulinikabidhi mkononi hospitalini, nikaisoma, nikaikunja, nikadhani nimeielewa.

Akaruka kitini. Alikuwa amesinzia kwenye televisheni. Akafungua mlango huku matusi yakimtoka, niliyasoma yote, sijapata kuona matusi matamu namna ile. Nikakaa kwenye kizingiti chake nikashindwa kunyanyuka, na magoti safari hii hayakuwa na kosa. "Umekuwaje, Wilf?" akaniuliza. "Mbona unalia?" Nikamwambia ni baridi.

Yalikuwa mambo ya dakika chache, mwanangu, na ya jirani tu. Wewe ulikaa nayo tangu Inverness hadi Sheffield, treni imesimama, na ni baba yako. Nisamehe kwa kukucheka. Nimekucheka tangu ulipokuwa mdogo ukirudi kuangalia kama bomba la maji limefungwa.

Tumebadilishana funguo. Wake uko kwenye msumari karibu na sahani ya mama yako. Njoo Pasaka, nitakupikia.

Skafu nimeivaa ninavyoandika. Inawasha ajabu. Siivui.

Baba yako