Miaka Miwili Isiyopimwa

2 Februari

Mchumba wangu mpenzi,

Salamu nyingi kama mvi zangu. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, limeanza kujifanya mkubwa wa nyumba. Wewe je, huko ofisini wanakulisha au wanakupuliza kiyoyozi tu?

Madaftari uliyoomba haya hapa, thelathini na moja, kila mwaka moja. Kila asubuhi saa tatu hupanda kilimani, nikatazama vile vikombe vinavyozunguka juu ya nguzo, nikasoma namba ya upepo kwenye kisahani, nikaandika. Waambie wasomi wenzako kazi hii ni ya mtu wa darasa la tano. Na wasilambe vidole wakifungua kurasa.

Babu yako

19 Februari

Shikamoo Babu,

Sijambo, nakula, acha uchokozi. Goti lipake dawa.

Nimesoma yote. Upepo wa kilima chetu unapungua, Babu, polepole, karibu kila mwaka. Upepo husukumwa na tofauti ya joto kati ya sehemu na sehemu, na dunia inavyozidi kupata joto, huku kwetu tofauti hiyo inafifia. Ila daftari la kumi na tisa na la ishirini yananishangaza: upepo unapanda ghafla, kisha unaanguka. Wakubwa wangu wameng'ang'ania hapo hapo. "Unaona? Ulipungua, ukarudi. Utarudi tena." Wanataka kusimika mitambo kumi na sita ya upepo, mji mzima uitegemee kwa umeme, hata hospitali. Ripoti naisaini mimi, mwisho wa Machi. Namba hizo ni za kweli?

Mjukuu wako

11 Machi

Babu, shikamoo.

Kimya chako kinanitisha. Fundi baiskeli jirani yako anasema u mzima, na jana ulimwambia kichwa chake kama tikiti. Sasa mimi nimekosa nini? Nijibu hata kwa matusi.

Mjukuu wako

20 Machi

Mchumba,

Marahaba zote mbili. Hukukosa kitu. Kalamu ndiyo iliyogoma.

Miaka hiyo miwili bibi yako alikuwa kitandani. Wewe ulikuwa mdogo, tulikwambia anapumzika. Kupanda na kushuka kilima ni saa mbili, na kila nikivaa viatu ananiuliza, "Unaniacha na nani?" Nikavua. Nikakaa naye, daftari mapajani. Ikifika saa tatu nauliza, "Mama, leo upepo ngapi?" Anatazama pazia. "Tisa." Nasema, "Tisa? Pazia halijatikisika!" "Andika bwana, nasikia joto." Siku akipata nafuu tulifika kumi na moja.

Basi nikaandika. Nilidhani ni karatasi za kabatini tu, nani atazisoma? Sikujua hospitali itakuja kuziegemea. Futa. Wakiuliza, sema mzee mwongo. Yeye usimtaje.

Babu yako

4 Aprili

Shikamoo Babu,

Goti halijambo?

Niliandika kwamba miaka hiyo miwili haikupimwa, mpimaji alikuwa anauguza. Basi. Wakubwa walifoka, mmoja akataka madaftari yote yatupwe. Nikaweka miaka yako ishirini na tisa kando ya vipimo vya mji wa jirani: vinafuatana kama mtu na kivuli chake. Wakapiga hesabu upya. Mitambo sasa ni minne, kwingine paneli za sola, na hizo nazo tumezihesabu kwa tahadhari, maana joto likizidi umeme wake hupungua.

Ila walitaka nguzo ipewe mtu mwaminifu zaidi. Nikawaambia hayupo. Wamekubali ubaki, ukisaini kwamba siku usiyopanda utaacha nafasi wazi. Fomu hii hapa.

La kumi na tisa na la ishirini nimekurudishia. Hayo si ya ofisi.

Mjukuu wako

12 Aprili

Mchumba wangu,

Nipo, goti lipo, fomu nimesaini. Wino umemwagika kidogo juu ya jina la mkubwa wako. Bahati mbaya hiyo.

Madaftari yamefika. Nimesoma la kumi na tisa lote, nikacheka peke yangu mpaka fundi baiskeli akaja kuchungulia.

Leo nimepanda, nimepumzika mara tatu njiani. Juu palikuwa shwari, vikombe vinazunguka kwa uvivu. Kisahani kilisema mbili. Nilisimama na kalamu muda mrefu, mjukuu wangu. Mkono ulitaka tisa.

Nimeandika mbili.

Babu yako