Baba Nyamizi wa Sinema

Tinde, Shinyanga
14 Agosti 1955

Kaka yangu Eustace,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Bernadina na watoto, na kile kikohozi cha vumbi la mgodini kiwe kimekuachia usingizi. Huku Tinde miili yetu ni mizima. Mama anasema miguu inamsumbua lakini kisimani bado anafika mwenyewe, na anauliza kama huko Geita mnapata maziwa. Pamba imetoka vizuri mwaka huu. Nashinda kwenye mizani tangu asubuhi, nikipima magunia ya watu.

Jibu lako nimelipata. Unasema umeshaomba ruhusa, na Jumamosi ijayo utapanda lori uje tufuatane mpaka Ushetu kwa wakwe zangu, tukadai ng'ombe wetu wa mahari. Ahsante sana. Lakini kabla hujapanda hilo lori, soma barua hii mpaka mwisho, maana ile ya kwanza niliiandika kwa hasira, na mtu mwenye hasira haandiki yote.

Nilikwambia kwamba Melania amenivunjia heshima kwa kuigiza sinema na mwanamume mwingine, na kwamba nimemrudisha kwao. Hayo ni kweli.

Mwaka jana Bwana Shamba alikuja na watu wa sinema ya serikali. Walitaka picha ya kuwafundisha wakulima kutia samadi kwenye pamba. Hadithi yao ilikuwa hivi: mume mbishi anaiacha samadi irundikane zizini, analima kama babu yake alivyolima. Mkewe anaibeba kwa karai na kuitia kwenye kipande chake. Pamba ya mke inajaa, ya mume inadumaa, mpaka mume anajifunza kwa mkewe. Mkubwa wa picha ni mwanamke, kaka! Mume kazi yake ni kuchekwa. Walimchagua Melania kwa kuwa hutembea vizuri na mzigo kichwani, wala haiogopi ile mashine yao. Walihitaji na mtoto, wakamtumia Nyamizi wetu. Mume akawa Mabula, yule fundi baiskeli wa pale sokoni, mwenye pengo la meno.

Walipoondoka nikasahau. Mwezi wa Mei mwaka huu gari la sinema likarudi na picha yenyewe. Shuka jeupe lilitundikwa uwanjani, wanaume tukakaa upande wetu, wanawake upande wao, watoto chini mbele. Kando ya gari alisimama mtu mwenye kipaza sauti, akieleza kwa Kiswahili na Kisukuma. Katika karatasi yake mke aliandikwa Mama Nyamizi, kwa hiyo na mume akawa Baba Nyamizi. Niliposikia jina langu anapewa Mabula mbele ya watu wote, nilinyanyuka nikaenda zangu nyumbani, picha haijafika hata katikati.

Tangu siku ile sikupata amani. Wewe unawajua watu wetu, wakishaona kitu kwenye shuka hawaambiliki. Gari lilikwenda Isaka, likaenda Kagongwa, na wanawake walilifuata kwa miguu ili wamwone tena mwanamke mwenzao akimshinda mume. Siku za soko wakija hapa Tinde walimwamkia Mabula kwa sauti, kwa Kisukuma, Mwangaluka, Baba Nyamizi! Wakampa michembe ya viazi ampelekee mkewe wa kwenye picha. Na yule mpuuzi anapokea! Siku moja mzee mmoja wa Kagongwa alileta pamba kwangu, nikamwambia kwamba Baba Nyamizi ni mimi. Alinitazama, akanijibu kwa upole kabisa kwamba niache utani, yeye Baba Nyamizi anamjua, amemwona kwa macho yake akilima. Waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka wengine wakakalia magunia.

Wivu uliniingia kama homa, kaka. Melania akicheka, nauliza anacheka nini. Akienda sokoni, nasimama mlangoni mpaka arudi. Baiskeli yangu ilitoboka gurudumu, nikaona heri niende kazini kwa miguu miezi miwili kuliko Mabula kuigusa. Nyamizi alipomwona njiani akamwita baba wa sinema, nikamfinya mtoto mpaka akalia. Naona aibu kuliandika hilo. Melania aliniapia kwamba hajasimama na Mabula tangu picha ilipokwisha, na moyoni nilijua anasema kweli. Lakini nilimjibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, nikamfungia mizigo yake. Aliondoka na mtoto bila kulia. Ugali wangu aliuacha jikoni, ameufunika.

Jumatano iliyopita nilitumwa Kagongwa kutengeneza mizani, na gari la sinema nikalikuta limerudi hapo. Giza lilipoingia nilikaa nyuma kabisa, kofia nimeishusha usoni. Safari hii nilitazama yote. Nilingoja watu wamcheke yule mume, na mwanzoni walimcheka kweli. Kisha pakafika mahali anaposimama katikati ya pamba ya mkewe, halafu anakwenda kuchukua karai la pili, wanabeba samadi pamoja. Wanaume wote walisimama wakampigia makofi. Jirani yangu akaniambia kwamba huyo ndiye mwanamume. Nami nilikaa pale nimeinamisha kichwa, kwa sababu ya jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote.

Mficha uchi hazai, kaka. Ile nafasi ya mume nilipewa mimi kwanza. Mpiga picha alinitaka mimi, kwa kuwa ndimi mume wa kweli, na Melania alinibembeleza siku mbili tuigize pamoja. Nilikataa. Nikasema mimi karani wa mizani siwezi kufundishwa na mwanamke mbele ya Usukuma nzima. Mabula nilikwenda kumwita mwenyewe, kwa sababu ya lile pengo, nikijua atachekesha. Melania hakutaka kusimama naye. Mimi ndiye niliyemwamuru, kwa kuwa nilikwisha kumpa Bwana Shamba neno langu. Alinitii, kisha nikamfukuza kwa kunitii. Na nasikia huko kwao wanamuuliza kosa lake kila siku, naye hajawaambia lolote la kuniaibisha.

Sikuwahi kuogopa kwamba Mabula atamchukua mke wangu. Nilimwonea wivu kwa makofi ambayo yangekuwa yangu.

Kwa hiyo usije kudai ng'ombe. Njoo, nakuomba, unisindikize, maana mtu haendi peke yake kwa wakwe kuomba radhi. Wewe utanifungulia mazungumzo kama mkubwa wangu, lakini kosa nitalitaja mimi, mbele ya baba mkwe, mbele ya shemeji zangu wote, na Melania akiwa amekaa hapo anasikia. Akikataa kurudi, ng'ombe ni wao, na Nyamizi nitakuwa namfuata huko huko kumsalimu.

Mfikishie shemeji salamu zangu, uwabusu watoto. Mama anakuomba umletee sabuni ukija, na hajui bado haya niliyokukiri. Mungu akulinde huko chini ya ardhi.

Ni mimi mdogo wako,
Valerian Ngassa