Korosho za Shingoni

Tangini, Kibaha
7 Januari 2025

Shemeji Zuwena,

Shikamoo. Huku wote wazima, na mimi mwenyewe ndiyo usiseme, nazidi kunawiri. Shemeji, siku bahati zinagawiwa mimi nilikuwa mbele na beseni, wenzangu wameshika vijiko. Nakwambia kwa nini.

Mudathir kanipigia jana, kanieleza yaliyoikuta kompyuta ya duka. Kwamba ulimwambia fundi aisafishe, ukiwa na maana ya lile vumbi la nyuzi linalojaa kwenye feni, na yeye akaisafisha kweli kweli: akapiga windo upya, mafaili yote ya darizi ya marehemu kaka yakafutika. Nilicheka, nisamehe. Halafu sikucheka.

Sasa sikiliza bahati. Kabla kaka hajafariki nilichukua kopi ya kila kitu. Kila kitu! Kimo humu kwenye kompyuta ya ofisini kwangu, pamoja na ile shingo ya korosho anayoitaka Mudathir kwenye kanzu ya harusi yake. Mtu mwingine angesahau. Mimi niliyeishia kidato cha pili na bado nikaiona Dubai kwa macho haya, sikusahau. Lala usingizi wako.

Shemeji yako mwenye nyota,
Badru


Kisarawe
11 Januari 2025

Shemeji Badru,

Marahaba. Sisi hatujambo, mafua tu ya vumbi. Hiyo ofisini ni wapi? Ile meza ya fotokopi imekuwa ofisi lini? Haya, hongera. Na Dubai yenyewe ulikaa uwanja wa ndege ukisubiri ndege ya kurudi.

Lakini barua yako imenishusha pumzi. Nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia mtoto. Mudathir hakuomba gari wala ukumbi. Kasema tu, "Mama, nataka nivae shingo ya baba." Unaikumbuka. Khalfani aliichora mwenyewe mwaka ule tuliponunua mashine ya darizi: korosho zinaizunguka shingo mpaka kifuani, na moja tu, ya kushoto, imegeukia nyuma. Nilimwambia, hapa umekosea. Akasema, hiyo imesahau kitu nyumbani, inarudi kuchukua. Hakuibadilisha tena.

Alishona kanzu mbili tu za shingo ile. Yake tuliitoa sadaka pamoja na nguo zake nyingine. Ya pili unayo wewe, na wewe mfupi, Mudathir akiivaa itakuwa shati.

Harusi ni Jumamosi ya tarehe 22 Februari, kabla ya mfungo. Flashi mpe Godbless wa gari la maziwa, anakuja huku kila wiki.

Shemeji yako,
Zuwena


Tangini
16 Januari 2025

Shemeji mwenye mdomo,

Shikamoo. Mafua yamepungua? Kunywa tangawizi.

Barua hii nimeiandika ndani ya flashi humu humu, isije ikalowa maziwa. Sasa nifuate. Mafaili usiyafungue kwa lile dirisha la njano lililokuja na kompyuta. Lile linakuonyesha karatasi nyeupe tupu. Faili la darizi na faili la risiti sura moja, kama abiria wa usiku waliojifunika shuka, humjui mjomba wala kondakta. Nimekuwekea humu kwenye flashi programu nyingine ya mafaili, ya watu wanaojua. Ukiifungua inakuja na pande mbili: kushoto kompyuta yako, kulia flashi. Hufungui dirisha juu ya dirisha mpaka upotee. Ukiligusa faili la darizi, picha yake inatokea hapo chini.

Juu kuna safu tatu: jina, ukubwa, tarehe. Tarehe ni siku faili lilipotengenezwa. Hata ulinakili mara mia inabaki ile ile. Faili halidanganyi umri kama wewe. Bonyeza hilo neno tarehe, mapya yanapanda juu. Hiki ni chuo kikuu nakupa bure.

La mwisho: F5 inanakili, kitu kinabaki huku na kinakuwepo kule. F6 inahamisha, kinaondoka moja kwa moja. F6 usiiguse hata kwa bahati mbaya.

Mafaili ni mengi mno. Korosho imo humo, itafute taratibu.

Mwalimu wako na shemeji yako,
Badru


Kisarawe
21 Januari 2025

Shemeji Badru,

Marahaba. Mafua yamekwisha, sasa macho ndiyo yanauma.

Programu yako nimeikubali. Siku ya kwanza niliiogopa, ya pili nilianza kuizoea, leo lile dirisha la njano naliona kama mwanafunzi wa chekechea. Nimetenga folda ya maua upande wa kushoto, nimenakili kwa F5 kama ulivyosema, na F6 nimeiwekea kipande cha plasta juu nisije nikaigusa.

Lakini shemeji, mafaili haya ni ya nani? Nimeyapitia yote. Nimeona bata mwenye kofia. Nimeona mzungu juu ya farasi. Nimeona kiatu cha mpira, keki, na nembo ya timu ya Brazili. Khalfani alishona kanzu, mabuibui, foronya na vitambaa vya meza. Bata wa kofia hakumdarizi hata mara moja.

Korosho hakuna. Kitambaa nimeshakata, kinanisubiri juu ya meza. Mudathir kila akirudi kazini anauliza, "Imepatikana?" Namwambia baba yako mdogo anatafuta.

Shemeji yako,
Zuwena


Tangini
27 Januari 2025

Shemeji,

Shikamoo. Macho yapumzishe, weka maji ya baridi.

Hao bata ni wa mteja mmoja, walichanganyikana na mzigo wa kaka. Usiwafute, wana wenyewe. Shida ni kwamba kuna folda zilizofichwa, ambazo dirisha la kawaida halizioni kabisa, mpaka uiambie programu izionyeshe. Nazipitia moja moja. Mtu mwingine angekata tamaa, lakini mimi nikishika kitu mpaka kitokwe jasho.

Mwambie Mudathir aendelee kunyoa ndevu vizuri, shingo inakuja.

Badru, shemeji


Kisarawe
8 Februari 2025

Shemeji Badru,

Natumaini hujambo. Godbless amekuja mara mbili mikono mitupu. Simu hupokei, na wewe simu ikiita huwa unapokea kabla haijafika mlio wa pili.

Sina ugomvi. Nataka kujua tu. Kama haipo, niambie haipo, nimwambie mtoto leo, nimshonee maua ya kawaida, avae, aoe. Kinachonichosha ni kumwambia kila jioni kitu ambacho sina hakika nacho.

Zuwena


Tangini
13 Februari 2025

Shemeji,

Shikamoo. Ipo. Flashi ndiyo hiyo, ina faili moja tu, huna haja ya kutafuta. Linaitwa KOROSHO. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa, ukaze uzi wa chini kidogo.

Nilikwambia mimi nina nyota.

Badru


Kisarawe
27 Februari 2025

Shemeji Badru,

Hujambo? Ulifika salama Kibaha? Sisi wazima, tumebaki na sufuria za watu za kurudisha.

Mudathir hajaivua ile kanzu vizuri mpaka leo. Ulimwona mwenyewe alivyotoka. Bibi yake, mama yenu, alimshika kifuani, akazigusa korosho na kidole mpaka alipoifikia ile iliyogeuka nyuma, akasema, "Hii ya Khalfani." Na mimi nilipoitoa kwenye mashine nilijua ni yenyewe.

Wewe ulikuja na shati la maua na miwani ya jua. Baba mdogo wa bwana harusi! Watu wakauliza, ukawaambia Dubai siku hizi harusini hawavai kanzu, ukawachekesha mpaka wakasahau walichouliza. Mimi sikusahau.

Jana nilikaa nipange mafaili. Nikafungua programu yako, nikabonyeza neno tarehe kama ulivyonifundisha, mapya yakapanda juu. KOROSHO ikawa ya kwanza kabisa. Tarehe 12 Februari 2025.

Shemeji, Khalfani huu ni mwaka wa tatu toka afariki. Hiyo tarehe 12 Februari alikuwa anafanya nini kwenye kompyuta yako?

Na kanzu yako iko wapi?

Mudathir sijamwambia kitu. Nakuuliza wewe.

Shemeji yako,
Zuwena


Tangini
3 Machi 2025

Shemeji Zuwena,

Shikamoo. Mfungo mwema kwako na kwa maharusi. Huku tumefunga, na leo nina njaa, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Kanzu ninayo, iko kabatini. Shingo yake ndiyo haipo. Kwanza niliilaza kwenye skana ya duka, ikatoka picha ya juu tu, lakini kwa mashine picha ya juu haitoshi, inataka kujua uzi unaanzia wapi na unarudi wapi. Ikabidi nifumue. Nilifumua korosho moja, naichora, nafumua nyingine, naichora. Programu ya kuchorea nilikuwa siijui. Zile siku simu hukuipata nilikuwa nayo mkononi, ikikata narudi kufumua. Niliharibu mbili za kwanza, zilitoka kama maharage. Ile iliyogeuka nyuma niliiacha ya mwisho, na nilikuwa nataka kuinyoosha kwa sababu ingekuwa rahisi, halafu nikaona hapana.

Uliponiandikia kwamba kanzu yangu ikimfika Mudathir itakuwa shati, ndipo nilipopata akili ya kuitazama. Kwa hiyo wewe ndiye uliyeniponza.

Wale bata niliwatoa kwenye intaneti. Nilikuwa nanunua muda.

Faili lile usiliache kwenye kompyuta moja. Lifungulie pande mbili, bonyeza F5, moja libaki kwako, moja kwa Mudathir. La kwangu nimeshalinakili. Na fundi akija tena, mwambie akupulizie feni tu, neno safisha usilitaje.

Kama kuna kitambaa kilichobaki, vipimo vyangu unavyo. Shati refu linatosha.

Ile bahati niliyokuandikia Januari haikuwepo. Sikuwahi kunakili hata faili moja la kaka. Mudathir aliniambia umeacha kula, nikaropoka. Sina nyota yoyote, shemeji. Nilikudanganya.

Badru