Pole ya Mayi

Kambale, kamarade wangu,

Hapa kambini Dzaleka hakuna mufu ameliliwa kama wewe. Matanga yako yamefanywa mara mbili, na ya pili njo mi niliyapanga. Bamama walijaa uwanja na masufuria na blanketi zao, wakalia kuliko siku tulipokuzika.

Sawa, usinikazie macho. Sikupanga kitu. Ilikuwa herufi moja tu.

Wiki mbili baada ya kukuzika, ba kwenye pisini, lile bwawa la kuogelea la Lilongwe, walituma neno: Jumamosi tulete batoto saba, timu kamili, au saa yetu wanapewa wengine. Na batoto wa Batwa wenye ulikuwa unafundisha walikuwa wamesambaa tangu ulipotuacha. Nikachukua kipande cha karto ya boksi, nikaandika kwa mkaa: POLE YA MAYI, BATOTO BA BATWA, KESHO ASUBUI. Nilitaka kuandika polo, ule muchezo wako wa balo ndani ya maji. Unajua masomo yangu yaliisha siku mwalimu alichoka.

Bamama wakasoma pole, wakaja kulia. Kumbe Kambale alikufa maji na tuliwaficha! Nilipowaeleza, wakaona nazidi kuficha. Mama Furaha alisimama mbele yangu, mikono kiunoni: "Muzee, mulisema ni homa. Karto yako inasema ni mayi. Mutoto wangu Furaha harudie mule."

Ilikuwa homa. Mi njo nilikushika mkono. Ona, nakueleza wewe mwenyewe kama vile hukuwepo.

Ningeacha, Kambale. Lakini nilikumbuka kwa nini ulianza. Kwenye mpira wa miguu batoto wa Batwa waliambiwa wabaki nje, waokote balo. Ukasema, "Tubapeleke kwenye muchezo wenye hapa hakuna mutu anaujua. Hata we Mushi, na kiburi cha kabila yako." Ukawakalisha juu ya matofali, kwenye vumbi, ukawafundisha kuzungusha miguu: "Koroga bugali, usiache iungue." Mi nilicheka mpaka meno yangu mawili yaliyobaki yakatikisika. Halafu Lilongwe niliwaona wamesimama ndani ya maji bila kugusa chini, mikono juu, na Furaha golini anadaka balo kama anapokea mukate. Sikucheka tena.

Basi nilizunguka nyumba kwa nyumba siku tatu. Mama Furaha akamaliza maneno: "Uingie we kwanza. Sisi tutakaa pembeni, tukuone."

Jumamosi nikavaa kaputula yako, nimeifunga na kamba, maana tumbo lako lilikuwa la mukubwa. Mi ambaye maji yangu yote maishani ni ya ndoo. Bamama wamepangana pembeni. Nikaingia. Nikakoroga bugali. Bugali ikaungua, Kambale. Nilienda chini na macho wazi, nikaona vigae vya chini, visafi sana, nikafikiri hii sasa karto itasema kweli.

Furaha hakungoja ruhusa. Aliruka na gauni lake, akanishika chini ya kidevu vile ulimuonyesha, akanivuta mpaka ukingoni. Nilitapika maji mbele ya wakwe wa watu. Mama Furaha akamtazama mutoto wake, akanitazama mi, akasema, "Kumbe mayi inamujua." Halafu akasema, "Bavue manguo, bengine baingie."

Wakaingia saba. Saa yetu tunayo bado.

Watu nawaambia nilizama kwa makusudi. Wewe nyamaza.

Mufu wangu, lala vizuri. Nakuahidi kila Jumamosi nitawapeleka, mvua au jua, mpaka siku Furaha ataweza kushika filimbi mwenyewe na kuwafundisha wadogo wake. Sitaandika karto tena. Anaandika yeye.

Sasa kitu kidogo. Nilikushikia nafasi kwenye mstari wa posho mara ngapi, we umelala? Huko uliko nami nishikie moja, ya nyuma kabisa. Wakisoma jina langu, sema niko Lilongwe na batoto.